Mifano ya Mama Lucienne

Mwaka ule wa 1954 ungemwuliza mtu yeyote wa kambi ya reli pale Kamina habari za Lucienne Mulanga, angekuambia: aa, yule mjane anayesema peke yake akitwanga mihogo. Wengine waliongeza kwamba ameingiwa na kitu, maana watu wa kambi hawakosi la kuongeza. Kumbe mama wa watu alikuwa anasoma. Mchi ukipanda alitaja jina, mchi ukishuka alitaja maana ya jina, na asipokumbuka aliushikilia mchi hewani mpaka maana ije, majirani wakimchungulia.

Majina yenyewe yalikuwa ya Kifaransa: comparaison, métaphore, hyperbole, personnification, apostrophe. Walimu wetu wa Kiswahili siku hizi huyaita tashbihi, sitiari, chuku, tashihisi na ritifaa, na huyapigia kelele darasani utadhani waliyazaa wao. Lucienne aliyakuta katika daftari la marehemu mumewe, akayashika jinsi alivyoshika katekisimu utotoni: swali, jibu, amina. Kuyaelewa hakukuwamo katika hesabu yake. Alitaka tu kuyajibu siku ya Alhamisi mbele ya Masere, ndivyo masista walivyoitwa pale, kwa sababu bila majibu hayo watoto wake wawili wangepandishwa treni siku ya Jumapili na asingewalea tena.

Turudi nyuma kidogo, tusije tukamdhania mwanamke huyu alizaliwa na daftari mkononi. Alizaliwa upande wa Luputa, Kasai, akasoma miaka minne kwa masista, akajua kushona, kusali na kusoma barua za watu wasiojua kusoma. Mwaka 1943 aliolewa na Amédée Tshibangu, karani wa mizigo katika stesheni ya Kamina, kijana mrefu mwenye kofia ya reli ambayo hata kuoga aliivua kwa shingo upande. Kazi ya Amédée ilikuwa kupima magunia na kuyaandikia vibandiko. Mapenzi yake yalikuwa maneno. Jumamosi mchana alikwenda kwenye masomo ya makarani, akirudi alikaa kwenye kizingiti na daftari lake, mkewe akichambua sombe, yaani majani ya muhogo, akamsomea.

"Sikia hii, Lucienne. Nikisema bukari yako iko mulima, hiyo ni hyperbole."

"Basi usikule mulima, utaanguka," alijibu Lucienne, mpishi wa ugali huo, na wote wawili wakacheka.

Alicheka, akaendelea na sombe yake. Hakushika hata neno moja. Nani asome vya mume wakati mume mwenyewe yupo, anasoma kwa sauti, na mvua inanyesha vizuri juu ya bati?

Februari ya mwaka huo wa 1954 Amédée alishikwa na homa siku ya Jumamosi. Jumanne, saa nane mchana, alikuwa amekwisha kufa. Kofia ilibaki msumarini karibu na mlango. Lucienne alikuwa na miaka thelathini, na watoto wawili: Kalombo, mvulana wa miaka tisa, na Ève, wa miaka mitano.

Siku ya pili ya matanga, jua likiwa juu ya vichwa, wanawake wa Kikasai walikaa chini uani, na Lucienne akaimba kasala. Kwa asiyejua, kasala ni wimbo wa kwao wa kumlilia na kumsifu mtu: unamwita kwa majina yake na ya baba zake, unamwambia alivyokuwa na unavyobaki. Haufundishwi shuleni. Unatoka au hautoki. Kwa Lucienne ulitoka mpaka wanaume waliokaa mbele ya nyumba wakavua kofia, mpaka mafundi wawili waliokuwa wakipita na spana zao wakasimama barabarani wakalia, na mmoja wao alikuwa Mluba wa Bukama asiyeelewa hata nusu ya maneno. Alipomaliza hakuwa na sauti kwa siku tatu. Waliokuwapo walisema Tshibangu amezikwa kama mtu.

Jumapili iliyofuata katekista alisimama kanisani. Hakutaja jina, makatekista wana adabu hiyo. Alisema tu kwamba yapo matanga ya Kikristo na yapo matanga ya washenzi, na kwamba mwanamke atakayejulikana ameimba nyimbo za kipagani juu ya maiti asitegemee sakramenti wala kazi yoyote ya misioni. Mke wa katekista, Jeannine, alikuwa jirani ya Lucienne. Kati ya nyumba zao kulikuwa na ua wa matete tu. Siku ile ya kasala yeye alikuwa Bukama kununua samaki, kwa hiyo alijua ya kusikia, si ya kushuhudia. Tangu hapo akawa na shughuli nyingi karibu na ule ua.

Kisha ikaja barua. Iliandikwa na mtu wa kuajiriwa, lakini maneno yalikuwa ya Ngalamulume, kaka mkubwa wa Amédée, mkulima wa Luputa mwenye wake wawili. Alisema atafika Kamina Jumamosi ya mwisho wa Machi, na Jumapili watafungua matanga. Kwa desturi ya ukoo wao watoto ni wa baba, na baba akifa ni wa kaka yake, mjane pia. Lakini Ngalamulume hakuwa mtu mbaya, na hili nalisema kwa sababu ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mbaya. Aliandika kwamba amesikia Lucienne hataki kuwa mke wa tatu. Akampa masharti mawili. Awe na kazi na nyumba yake mwenyewe, ili watoto wa ndugu yake wasilale njiani. Na siku ya kufungua matanga aimbe kasala ya Amédée mbele yake yeye, kwa sababu hakuwahi mazishi na hajamlilia ndugu yake. Mjane akiimba vizuri, marehemu anaondoka ameridhika, na mjane anakuwa huru. Akitimiza hayo mawili, abaki Kamina na watoto.

Nyumba ya reli alitakiwa aiache mwisho wa mwezi huo huo. Mfa maji haachi kutapatapa. Lucienne alikwenda kwa Masere mkubwa wa shule ya wasichana, akapiga magoti, jambo ambalo Masere hakulipenda, akaambiwa ainuke. Ilikuwa bahati, au ilionekana bahati: darasa la sita lilikuwa halina mwalimu, na mwalimu angepewa nyumba ya chumba kimoja nyuma ya shule. Lakini darasa la sita linasoma Kifaransa cha vitabu. Masere alimwambia atampa mtihani wa mdomo siku ya Alhamisi: kusoma, imla, na tamathali za usemi.

"Unazijua?" aliuliza Masere.

"Nazijua," alisema Lucienne, ambaye hakuzijua.

Ndiyo maana ya mchi na kinu. Alikuwa na siku tisa. Daftari la Amédée lilikuwa na maana zote kwa mwandiko wake uliolala, na chini ya kila maana mfano mmoja alionakili kutoka ubaoni: askari ni simba, kichwa kama theluji, machozi ni bahari. Theluji Lucienne hajawahi kuiona, wala bahari. Aliyameza yote kama dawa chungu. Kalombo alimshikia daftari na kumsahihisha, Ève alirudia maneno nyuma yake, na ikafika mahali mtoto wa miaka mitano anajua kusema apostrophe kuliko kumenya ndizi. "Apostrophe ni kumwita asiyekuwapo kana kwamba anasikia," Lucienne alisema, akatwanga, akasema tena. Alisema mara mia na haikumgusa hata mara moja. Alikuwa na hofu nyingi mno, na mwenye hofu husikia sauti ya maneno tu.

Alhamisi alivaa kitenge chake cha heshima, akaenda. Kusoma kulikwenda vizuri. Imla alipoteza alama mbili. Kisha Masere akafunga kitabu, akamwuliza tamathali, na Lucienne akazimwaga zote bila kupumua. Masere alisikiliza kwa subira. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mikono mikavu ya kufua, na alikuwa amechoka na walimu wanaokariri.

"Hiyo yote ni ya kitabu," alisema. "Mutoto atakuuliza mufano, utamupa simba na theluji? Unipe mufano yako. Ya mudomo yako. Anza na personnification."

Lucienne aliangalia ukuta. Akaangalia msalaba. Aliona waziwazi, kama anavyouona mkono wake, Kalombo na Ève wanapanda ngazi ya behewa. Personnification, ni kukipa kitu tabia ya mtu. Kitu gani? Alitafuta kitu chochote nyumbani kwake, sufuria, kinu, kitanda, na macho yake ya ndani yakafika mlangoni, kwenye msumari.

"Kofia yako inakungojea ku musumari," alisema polepole. "Imekataa kukula tangu Jumanne."

Masere aliinua kichwa. Lucienne mwenyewe alishtuka, kwa sababu aliyatambua maneno hayo. Hakuwa ameyatunga pale. Yalikuwa ya uani, ya siku ile ya jua kali, na alikuwa ameyasema bila kujua kwamba yana jina.

"Métaphore," alisema Masere.

"Ulikuwa daraja ya muto Lubilanji. Shiye bote tulipita juu yako, na hakuna aliyeuliza kama unachoka."

"Comparaison."

"Nimebaki kama chungu ya kupasuka. Maji inaingia, lakini haikai."

"Hyperbole."

"Nililia mpaka Lualaba ya Bukama ikarudi nyuma kuuliza ni nani anaiongezea maji."

Sasa alielewa. Ilikuwa elimu ya ajabu na ya kuumiza: kumbe vitu hivi si mapambo, kumbe mtu akibanwa mpaka hana pa kutokea ndipo ulimi unaokota daraja na kofia na mto, kwa sababu neno lenyewe la jambo lenyewe halisemeki. Amédée alikuwa ameandika majina. Yeye alikuwa na vitu. Alitamani sana kumwambia. Hapo hapo aliona kwamba hiyo tamaa nayo ina jina, na Masere alikuwa akilitamka.

"Apostrophe."

"Amédée," alisema Lucienne, "umelalia upande gani? Geuka, unijibu."

Kalamu ya Masere ilikuwa imesimama. Dirishani wasichana walikuwa wakifagia uwanja. Masere alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema kwa upole kwamba katika miaka kumi na mbili hajapata mifano kama hiyo, hata kutoka kwa walimu wa kiume. Kisha uso wake ukabadilika kidogo, kama mtu aliyekumbuka kazi yake.

"Lucienne. Amédée njo jina ya bwana yako."

"Njo jina yake, Masere."

"Nilisikia ku matanga yake kuliimbwa mambo ya kipagani. Maneno hii, uliiimbia mayiti?"

Basi. Ndugu msomaji, wewe na mimi tumekaa, tumeshiba, ni rahisi kwetu kusema angesema kweli. Lucienne aliona behewa. Aliona pia kwamba Masere anataka kusikia hapana, kwamba anaomba asikie hapana, kwa sababu alihitaji mwalimu na alikuwa amempata.

"Apana, Masere. Nilikuwa mu jikoni."

"Na maneno?"

"Nimeitunga sasa hivi."

"Na huyu unamuita Amédée, unamuambia ageuke?"

"Si mutu," alisema Lucienne. "Iko mufano tu."

Kwenye tamathali Masere aliandika kumi juu ya kumi. Alimpa ufunguo wa ile nyumba ya chumba kimoja, akamwonya kwa sauti ya mama kwamba mwalimu wa misioni anaangaliwa, na kwamba siku ya kufungua matanga iwe sala na rozari basi. Ikisikika kasala nyumbani kwake, hata yeye Masere hataweza kumsaidia. Lucienne akasema ndiyo. Alirudi kambini akiwa na ufunguo mkononi, na njia nzima hakuhisi furaha, alihisi amemkanyaga mtu. Alijiambia ni uchovu. Alijiambia sharti la kwanza limetimia na la pili ni jepesi, kwa sababu kasala ile ni yake, imo tumboni mwake, hakuna wa kumnyang'anya.

Tatizo aliloliona ni Jeannine tu. Alilifikiria Ijumaa yote, akipanga vyombo kwenye sanduku, na akapata njia ambayo ilionekana ya akili. Ngalamulume alitaka maneno. Angempa maneno, yote, hata moja lisipungue, lakini kwa sauti ya chini, ameketi, bila kuyavuta kama wimbo. Atakayesikiliza nyuma ya matete atadhani mwalimu mpya anajizoeza somo lake. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Si kosa la mjinga, ni kosa la mtu aliyesifiwa kwa maneno yake siku ya Alhamisi, akaamini kwamba maneno ndiyo kasala.

Ngalamulume alishuka kwenye treni ya Jumamosi na kuku wawili na gunia la mahindi. Alikuwa mfupi, wa pole, na alikuwa na masikio ya Amédée. Aliiona nyumba ya shule, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akaridhika. "Nyumba iko," alisema. Aliwabeba watoto mmoja baada ya mwingine, Kalombo akaona haya kwa ukubwa wake.

Jumapili baada ya misa walikaa uani kwenye nyumba ya reli kwa mara ya mwisho: Ngalamulume juu ya kiti, wazee wawili wa Kikasai pembeni yake, wanawake watano sita chini, watoto wamekaa mkekani. Nyuma ya matete kuku wa Jeannine walikuwa kimya, jambo ambalo halikuwa kawaida. Mtu alikuwa amesimama kati yao.

"Mamu Lucienne," alisema Ngalamulume, "minyi sikumuona ndugu yangu akikufa. Sikumulia. Unisaidie nimulie leo, halafu tumuache aende."

Lucienne akaanza. Alisema: ulikuwa daraja la Lubilanji. Alisema: kofia yako inakungojea. Alisema kwa sauti ya chini, kila neno mahali pake, na wazee wakainamisha vichwa wakingoja wimbo uingie. Haukuingia. Alisema nimebaki kama chungu, na kwa hofu alisikia ndani ya kichwa chake, kabla ya chungu, sauti ya Masere: comparaison. Kila mstari ulifika na kibandiko chake, kama magunia ya stesheni. Lualaba ikarudi nyuma, na ilikuwa hyperbole. Alifika mwisho, kwenye jina lenyewe.

"Amédée," alisema, "umelalia upande gani? Geuka, unijibu."

Hakuna aliyelia. Mwanamke mmoja alikohoa. Ngalamulume alikuwa ameegemea mbele, mikono imekaa tayari magotini, machozi yake yakisubiri kuitwa, na hayakuitwa.

"Ongeza sauti, mamu," alisema. "Sisikie ndugu yangu mu maneno hii."

Hapo Lucienne aliangalia matete, akawaangalia watoto, na akachagua. Nataka hili lijulikane kwa sababu baadaye watu wa kambi walisema alipenda kazi kuliko wanawe. Alichagua. Aliitupa kazi, akautupa ufunguo, akainuka akasimama, akavuta pumzi ya kuimba ili Jeannine na katekista na Masere na Kamina nzima wasikie. Akafungua kinywa.

Ilitoka sauti ya mwalimu. Nzito kidogo, safi, ya kufika benchi la nyuma. Alijaribu tena. Alipiga kifua, akamwita kwa jina la baba yake, na la babu yake, na kila jina lilitoka limepigwa pasi. Alimtafuta Amédée amlilie, akamkuta yule ambaye yeye mwenyewe Alhamisi alimwambia Masere kwamba si mtu. Wanawake walianza kutazamana. Ève, pale mkekani, alidhani ni zile siku za kinu, akainua kidole na kusema kwa furaha, "Apostrophe."

Ngalamulume aliiondoa mikono magotini. Alipofungua mdomo hakuwa na hasira, alikuwa na woga.

"Barua ya watu wa huku iliniambia uliimba mpaka bapita njia balilia. Minyi nimeona muntu anasoma. Muke asiyemulia bwana yake, marehemu haende. Anabaki naye. Siwezi kuacha batoto ya ndugu yangu mu nyumba ile."

"Njo unichukue na minyi," alisema Lucienne. "Nitakuwa muke wa tatu. Nitakuwa wa mwisho, nitachota maji tu."

"Siwezi. Ukiingia kwangu naye akiwa juu yako, tutakufa." Akatazama chini. "Siku utamulia, uandike. Nitasikia, nitakuja. Minyi si adui yako."

Wazee walikubaliana naye. Treni ya kwenda Luputa iliondoka saa kumi. Lucienne alimfunga Ève kitambaa kichwani, mara tatu, akilifungua fundo na kulifunga upya. Kalombo hakulia, alimwuliza mama kama shule ya Luputa ina darasa la nne, na mama akasema ndiyo ingawa hakujua. Stesheni alisimama mbele ya dirisha lao, akitumaini kwamba filimbi ikilia sauti itarudi, kwamba jambo kubwa namna hii halitamwacha bubu. Filimbi ililia. Alipunga mkono. Wanawake wengine kwenye jukwaa waliokuwa wakisindikiza watu wa safari ya wiki moja tu walilia vizuri zaidi yake. Treni ilipokwisha kupotea alibaki pale, mpaka mfanyakazi aliyemjua Amédée akaja kumwambia kwa heshima kwamba anafunga lango.

Jeannine, kwa upande wake, alimpelekea Masere habari njema: hakukuwa na kasala. Mama alisema maneno fulani ya shule, akatulia. Masere alifurahi sana.

Jumanne Lucienne aliingia darasa la sita. Wasichana thelathini na wawili walisimama wakamsalimu, wakakaa. Masere alikuwa kwenye kiti cha nyuma, kama ilivyo desturi siku ya kwanza ya mwalimu, amekunja mikono. Lucienne aliandika ubaoni kwa mwandiko uliolala kidogo. Hakujua amejifunza wapi kulaza herufi namna ile. Alieleza tashbihi, wakaelewa. Alieleza sitiari, wakaelewa. Alikuwa mwalimu mzuri. Akafika kwenye ile ya mwisho, akaieleza kwa maneno mepesi: ni pale unapomwita mtu asiyekuwapo, ukasema naye kana kwamba anakusikia.

Msichana mmoja wa mbele aliinua mkono. "Madame, utupe mufano."

Lucienne aligeukia ubao. Chaki ilikuwa mkononi. Alitafuta mfano, mfano wowote, wa kitabu, wa theluji, asikute chochote, na alipogeuka tena hakuwa akiwatazama.

"Kalombo," alisema, "umekula?"

Kule nyuma Masere alitikisa kichwa kwa kuridhika. Wasichana thelathini na wawili wakainamia madaftari yao, wakaandika.